Miaka Ishirini na Miwili ya Kusukuma

Iradukunda alikataa gari. Alilikataa mchana kweupe, mbele ya mchumba wake, mbele ya baba yake mdogo, na mbele ya sinia la ugali wa muhogo ambalo lilikuwa bado halijafika nusu.

"Lina kiyoyozi," alisema Jovitus, mchumba mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Biharamulo, kijana mpole aliyeonekana tayari kulirudisha gari hata kabla ya kulikodi.

"Na mto una upepo," alijibu Iradukunda. "Mimi nitapelekwa kanisani kwa baiskeli. Mama alipelekwa na babu Nkeshimana kwa baiskeli, na mpaka leo anasimulia. Gari litanifikisha kwa dakika kumi. Nimekaa kwa baba miaka ishirini na minne, nitoke kwa dakika kumi?"

Jovitus akamtazama mkwe wake mtarajiwa kuomba msaada. Protasi, baba yake Iradukunda, aliinamia sinia akawa anatafuta kitu kwenye mchuzi wa maharage. Mkewe Rozalia alimtupia jicho mara moja, kisha akaondoka kwenda kuongeza mboga, ingawa mboga ilikuwepo.

Hapa inafaa msomaji aelezwe mambo ya Kivukoni. Wilaya ya Ngara ni vilima juu ya vilima. Mtu akitoka Bukiriro kwenda Kibimba magoti yake ndiyo yanayomweleza amepita wapi. Lakini kutoka Kivukoni hadi Misheni, kilomita tisa kandokando ya mto Ruvuvu, njia ni tambarare kabisa, kana kwamba Mungu alipofika pale alichoka kuumba milima. Kivukoni ni mji wa zamani wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Walijenga pale palipokuwa na mitumbwi ya kuvusha, na nyumba zao za milango ya nakshi zipo hadi sasa, baadhi zikiwa na miaka mingi kuliko bati lililoziezeka. Misheni nako ni mji wa zamani, wa kanisa la matofali mekundu na kengele inayosikika ng'ambo. Mkristo wa Kivukoni akioa au kuolewa, hufunga ndoa Misheni. Na bibi harusi hupelekwa kwenye keria ya baiskeli, na anayempeleka ni baba yake mzazi. Baba mdogo hushika nafasi hiyo kama baba amekufa.

"Kaka," alisema Fideli, huyo baba mdogo, huku akijifuta mdomo. Fideli alikuwa mtu wa kupanda baiskeli mikono mifukoni, akipita sokoni anapiga mluzi. "Kama umechoka, mimi nipo. Harafu mguu wangu bado una nguvu."

"Nimechokaje?"

"Nasema tu. Siku hizi unapumua sana."

"Fideli, nitambeba mwanangu mwenyewe," alisema Protasi, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Ukimbeba wewe, watu watauliza msiba wangu ulikuwa lini."

Iradukunda alipiga kigelegele pale pale, mdomo ukiwa na ugali. Jambo likawa limekwisha. Harusi ilikuwa baada ya majuma matatu.

Protasi Niyokwizera hakuwa anajua kupanda baiskeli.

&nbsp;

Baiskeli alikuwa nayo. Alikuwa nayo miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu Kivukoni aliyeijua njia ya mto kuliko yeye. Kila siku ya soko aliipakia mikungu sita ya ndizi, akaufunga usukani fimbo ndefu ya kuongozea, akaisukuma hadi Misheni. Akitoka Misheni alipakia chumvi, sabuni, kreti za soda, wakati mwingine mfuko wa saruji, akaisukuma kurudi. "Baiskeli tupu ni hasara," alisema, na watu wakaona hekima. Siku ambazo hakupata mzigo wa kurudi nao aliisukuma vilevile. Watu wakasema, huyu bwana ana huruma na chombo chake. Siti ya baiskeli ile ilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Watu wakasema, tazama utunzaji.

Aliinunua akiwa mtu mzima wa miaka thelathini, na akaona haya kujifunza barabarani na watoto wakimcheka. Akasema atajifunza kesho. Kesho yenyewe ikawa ndefu kiasi hicho.

Sasa alikuwa na majuma matatu. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akaenda kwa Bi Pili.

Bi Pili alikuwa mjane wa marehemu Abdulkadiri, fundi na mkodishaji wa baiskeli, na biashara aliiendesha sasa mwenyewe: baiskeli kumi na mbili ndefu za zamani, zimepangwa barazani, zimepakwa mafuta, kila moja na kengele inayolia. Umri wake ulikuwa sitini na ushee lakini haukuonekana usoni. Alijipaka hina, alijifukiza udi, na alikuwa na macho ya kuona tundu la tairi kabla upepo haujaanza kutoka.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia vigelegele jana hadi huku. Hongera. Msafara wa baiskeli ngapi?"

"Kumi na moja. Na moja ya kumbebea mwari."

"Hiyo ya mwari ichukue ile ya mwisho, ina keria pana. Ipande, uzunguke hapa mbele, uone kama inakufaa."

"Nitaisukuma kidogo tu," alisema Protasi. "Nikiisukuma naijua."

Bi Pili alimtazama. Alianza na kichwa, akashuka. Suruali ya Protasi ilikuwa na viraka magotini na imechanika kwenye pindo, lakini makalioni ilikuwa nzima kabisa. Kandambili zake zimelika vidoleni. Kwenye mguu wa kulia hakukuwa na alama hata moja ya grisi ya mnyororo. Kisha akaigeukia baiskeli ya Protasi iliyoegemezwa ukutani, akaiona nailoni.

"Niyokwizera," alisema polepole. "Nimekodisha baiskeli miaka thelathini na minane. Hujui kupanda."

Protasi alitazama kulia, akatazama kushoto. Barabarani hakukuwa na mtu isipokuwa mbuzi.

"Bi Pili, nakuomba."

"Hujui!"

"Sauti, mama yangu, sauti!"

Bi Pili alijifunika kanga mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akakaa kwenye kizingiti. Alipojipangusa machozi alimkuta Protasi amesimama palepale, ameshika usukani kwa mikono miwili, na uso wa mtu anayesubiri hukumu. Huruma ikamwingia.

"Haya basi. Mficha uchi hazai, na wewe umeufunua kwangu, usiogope. Ijumaa adhana ya adhuhuri ikilia, wanaume wote wanakwenda msikitini, mji unabaki na paka. Pita mlango wa uani. Mimi nitakaa dirishani, wewe utakuwa uwanjani; mwenye kutaka kusema na aseme. Utanilipa mkungu mmoja kila Ijumaa."

"Naweza kujifunza kweli? Nina miaka hamsini na miwili."

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema Bi Pili. "Nenda kakate kucha za miguu."

&nbsp;

Uani kwa Bi Pili palikuwa na uwanja mpana wa kuanikia kahawa. Ulikuwa msimu wenyewe, na kahawa ilikuwa imetandazwa kwenye mikeka pembeni pote, na kwenye kona moja ilikuwa imekusanywa lundo kubwa lililofika kiunoni. Katikati palikuwa wazi.

Ijumaa ya kwanza Protasi alipanda juu ya jiwe la kufulia, akarusha mguu, akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikalia siti ya baiskeli na alishangaa kuona iko juu kiasi gani. Akajisukuma. Akaenda hatua tatu, akaingia kwenye kahawa.

"Tazama mbele!" alipiga kelele Bi Pili kutoka dirishani. "Usitazame tairi! Tairi lipo, halijaenda popote!"

Akajaribu tena. Miaka yote ile ya kusukuma alikuwa akitazama tairi la mbele na shimo lililo mbele ya tairi. Shingo yake ilikuwa imezoea kuinama. Akaingia kwenye kahawa upande wa pili. Mara ya sita aliingia kwenye lundo kwa kichwa, na baiskeli ikabaki juu yake ikizungusha pedeli peke yake.

"Mwanangu, hiyo kahawa ya watu wa ushirika!"

"Nitaichambua!"

"Utaichambua nini, imekuingia masikioni!"

Alirudi nyumbani anachechemea. Rozalia alimuuliza amefanyaje, akajibu kwamba ameteleza mtoni. Rozalia akatazama nguo zake, zilikuwa kavu. Alipozifua siku ya pili alikuta punje kumi na nne za kahawa mfukoni. Na shati lilinukia udi.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jumatano, Scholastika, jirani yao auzaye nyanya karibu na msikiti, alikuja kuazima chungio na akasahau kuondoka nalo kwa sababu alikuwa na jambo zito zaidi.

"Mama Iradukunda, mimi si mmbeya."

"Nakujua."

"Baba Iradukunda nimemwona Ijumaa. Adhana imelia tu, kaingia kwa mjane Pili. Mlango wa uani. Na mkungu wa ndizi begani! Harafu alipotoka, alikuwa anahema."

Rozalia aliendelea kukoroga uji. Aliukoroga mpaka ukashika chini.

&nbsp;

Ijumaa ya pili Rozalia alichukua mchi wa kinu, akaufunga kwenye kanga ili usionekane, ingawa mchi wa kinu hauna namna ya kutoonekana. Adhana ilipolia alihesabu mpaka mia. Kisha akakata kichochoro, akafika mlango wa uani kwa Bi Pili, akasikia sauti ya mwanamke ndani ikisema, "Vizuri, mume wa watu, vizuri! Legeza mabega! Hivyo hivyo!"

Rozalia aliusukuma mlango kwa mguu.

Alichokiona ni mume wake anamjia, juu ya baiskeli, macho yamemtoka, mdomo wazi, miguu inazunguka kasi.

"Ondoka!" alipiga kelele Protasi. "Rozalia, ondoka!"

Akaruka pembeni. Baiskeli ikampita, ikakata kona yenyewe, ikaenda kwenye lundo la kahawa na kuzama. Msikitini walikuwa wanaitikia amina.

Protasi alitoa kichwa kwenye kahawa. Bi Pili alikuwa amepotea dirishani. Rozalia alikuwa amesimama na mchi wake mkononi, na kanga imeanguka.

"Mama Iradukunda," alianza Protasi. "Nitakueleza. Mimi... jambo lenyewe ni kwamba..."

"Hujui kupanda baiskeli," alisema Rozalia.

"Nani kakwambia?"

"Nani kaniambia!" Rozalia aliuweka mchi chini akaukalia. "Miaka ishirini na miwili nakuona unasukuma. Unasukuma kwenda, unasukuma kurudi, unasukuma mlimani, unasukuma mteremkoni. Siku Iradukunda alipougua malaria ulimweka kwenye keria ukakimbia naye mguu mosi mguu pili hadi zahanati. Ulidhani sina macho?"

Protasi alijipangusa uso. Kahawa ilikuwa inamdondoka kwenye nyusi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wanaorudi wamepanda nawajua. Wengine wakifika nyumbani wanapitiliza hadi kilabuni. Wewe ulirudi kila siku, na mzigo, kwa miguu yako. Nikaona mume wangu hana kasoro, kasoro ni ya baiskeli." Hapo ndipo kicheko kikamshika. Kilianza puani, akakizuia, kikamshinda, akalia na kucheka kwa pamoja akipiga mapaja. "Mana yanje, Mungu wangu! Na mimi nimekuja na mchi!"

Bi Pili alijitokeza mlangoni sasa, ametwaa ushujaa. "Karibu, mwanangu Rozalia. Ule mchi ulikuwa wa nani, wangu au wake?"

"Wako, Bi Pili, unisamehe."

"Nimefurahi. Muda mrefu sijafikiriwa hivyo."

Wote watatu walicheka mpaka Bi Pili akakumbuka kwamba swala inakaribia kwisha. Rozalia alisimama akajikung'uta, na sasa uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Lakini utamwangusha mwanangu. Mbele ya watu wa Biharamulo. Wale wataondoka na hadithi hiyo wakaisimulie hadi kwenye boma lao la Mjerumani. Mpe Fideli ambebe."

"Simpi."

"Baba Iradukunda."

"Rozalia, nimembebea kila kitu huyu mtoto. Ada, sare, godoro la bweni. Vyote nilivisukuma. Siku ya mwisho nimpe Fideli?" Alijitoa kwenye lundo, akaiinua baiskeli. "Nitajifunza. Bado kuna Ijumaa moja."

Rozalia alimtazama mumewe, akaitazama baiskeli. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye uzito wa heshima. Akaipandisha kanga.

"Wewe kosa lako ni kwamba unaendesha tupu. Hujazoea kwenda bila mzigo tangu nikujue. Bi Pili, tushikie."

Akakaa kwenye keria. Baiskeli ikalia. Protasi alipanda siti, na alipousikia uzito ule mgongoni mwake mikono yake ilitulia yenyewe, kwa sababu mzigo aliujua. Aliujua unavyovuta kushoto, unavyotaka kuanguka, unavyokubali ukibembelezwa. Bi Pili akawasukuma. Wakaenda. Wakazunguka uwanja mzima mara moja, mara mbili, Rozalia ameziba macho, Bi Pili anapiga vigelegele vya kunong'ona. Kisha wakaingia kwenye lundo la kahawa, taratibu, na kukaa humo.

Ijumaa ya tatu walizunguka mara ishirini. Kila safari iliishia kwenye kahawa. Walifurahi mno hata hakuna mmoja kati yao, wala mwenye miaka thelathini na minane kwenye kazi, aliyekumbuka kwamba safari ya baiskeli ina kuanza, ina kwenda, na ina kushuka.

&nbsp;

Jumamosi ya harusi kulikucha kweupe. Baiskeli kumi na mbili zilisimama mbele ya baraza la Bi Pili, zimefungwa vitenge na maua ya bogenvilia, kengele zote zinalia kwa mpigo. Watu wa Biharamulo walikuwa wametangulia Misheni kumngoja bibi harusi. Fideli alijipangia baiskeli ya pili, nyuma ya mwari, lakini Rozalia akaja akakaa kwenye keria yake bila kuuliza.

"Shemeji," alisema Fideli akijaribu kuusimamisha usukani, "hakuna baiskeli nyingine?"

"Mguu wako bado una nguvu, shemeji."

Protasi alivaa suti ya kijivu, na chini ya suti goti lina plasta. Iradukunda alikuja na gauni jeupe limekunjwa mapajani, akakaa upande kwenye keria, akamzungushia baba yake mkono kiunoni. Alikuwa mwepesi kuliko mama yake na mwepesi kuliko ndizi, na kwa sekunde moja Protasi aliogopa sana. Bi Pili aliwashika kutoka kwenye kizingiti.

"Mbele," alimnong'oneza. "Tairi lipo."

Akawasukuma. Usukani ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, watu wakasema "aah!", kisha ukanyooka. Kivukoni yote ikapiga vigelegele. Hata shehe alitoka msikitini akapunga kofia.

Njia ya mto ilifunguka. Protasi alikuwa ameipita mara elfu kadhaa na alijua kila jiwe lake, lakini hakuwahi kuiona. Alikuwa akiona tairi, jasho, na udongo. Sasa aliuona mto. Aliona mafunjo yanainama, maji ya kahawia yanakwenda nao sambamba bila haraka, viboko wametoa masikio tu, na ng'ambo mashamba ya migomba yanapanda mlima. Upepo ulimpiga usoni na kuingia ndani ya koti. Hakuwa anahema. Alikuwa anakwenda na hahemi! Furaha ilimpanda kooni akashindwa kuimeza, akaanza kuimba na wale wa nyuma, kwa sauti mbaya, na wanawake waliokuwa wanapalilia muhogo wakaacha majembe wakakimbia kando ya msafara wakiitikia.

"Baba, una raha!" alisema Iradukunda.

"Nina raha, mwanangu! Watu hawakuniambia!"

"Hawakukuambia nini?"

Protasi akapiga kengele. Nyuma yao Fideli alikuwa kimya kabisa, shati limelowa, mikono yote miwili kwenye usukani.

Kilomita tisa zilikwisha upesi. Mnara wa kanisa ulitokea, kisha paa, kisha umati: kwaya, watu wa Biharamulo na miwani yao ya jua, Jovitus amesimama kama anasubiri matokeo ya mtihani, na Padri Privatus mlangoni na kanzu nyeupe. Hapo ndipo Protasi alipotazama huku na huku akitafuta kahawa.

Breki alizijua. Alichokuwa hakijui ni nini hufuata baada ya breki. Siti ilikuwa juu, miguu yake mifupi, nyuma kuna bibi harusi hivyo mguu hauwezi kuzungushwa, na pembeni kote kuna udongo mwekundu na gauni ni jeupe. Umati ukaachia njia. Jovitus akanyoosha mikono. Protasi akapiga kengele, akampita Jovitus, akampita Padri, akakata kona ya kanisa na kutokomea nyuma ya sakristia, na baiskeli zote kumi na moja zikamfuata zikiimba.

"Baba," alisema Iradukunda walipokuwa nyuma ya kanisa. "Tumepita mlango."

"Nimeuona."

"Baba."

"Mwanangu, sijui kushuka."

"Hujui kushuka?"

"Nilijifunza kupanda. Ijumaa tatu tu. Kabla ya hapo nilikuwa nasukuma, miaka yote nilikuwa nasukuma. Nisamehe. Usimwambie Fideli."

Walitokea upande wa pili. Umati ulikuwa umefurahi sana. Mzee mmoja wa Biharamulo alikuwa anawaeleza wenzake kwamba hiyo ndiyo mila ya hawa watu wa mtoni, lazima wazunguke. Jovitus akanyoosha mikono tena, wakampita tena. Mgongoni mwake Protasi alisikia mwanawe anatetemeka, akadhani analia, na moyo wake ukavunjika vipande. Kisha akasikia kicheko. Iradukunda alicheka mpaka shela ikamteleza mabegani, akamkumbatia kiuno kwa mikono miwili, akalaza shavu lake kwenye koti la kijivu.

"Zunguka tena, baba," alisema. "Bado sikuwa nataka kufika."

Protasi akaushika usukani vizuri. Akazunguka tena. Alipiga pedeli polepole kadiri alivyoweza bila kuanguka, na machozi yalimtiririka na upepo ukayakausha.

Raundi hiyo ya tatu Rozalia alielewa. Alimpiga Fideli bega, Fideli akasimama kwa shukrani, na yeye akashuka, akatembea hadi katikati ya njia mbele ya mlango wa kanisa. Akatanua miguu. Akavua viatu vya harusi akavitupa pembeni. Akafungua mikono.

"Njoo!" alimwita mumewe. "Njoo, niangukie mimi!"

Na Protasi akaenda. Alifunga breki zote mbili, baiskeli ikayumba, na Rozalia akaukamata usukani kama mtu anayekamata beberu kwa pembe. Walirudi nyuma hatua nne. Walisimama. Iradukunda aliteleza kutoka kwenye keria akakanyaga chini kwa miguu yake miwili, gauni halina hata doa, na Protasi alibaki amekumbatiana na mkewe na bomba la baiskeli katikati yao.

Fideli alikuja akihema. Alimtazama kaka yake, akaiangalia miguu yake mifupi inayoning'inia bila kugusa ardhi, na polepole uso wake ukaanza kuelewa.

"Kaka," alisema. "Kaka, kumbe wewe..."

Padri Privatus alikuwa amekwisha kuinua mkono. Watu wakanyamaza. Kwaya ikanyamaza. Pale Misheni ndoa haianzi kabla Padri hajauliza mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na kujibiwa kwa sauti hiyo hiyo.

"Nani amemleta binti huyu?"

Rozalia alimshikilia mumewe hadi akapata ardhi. Protasi alijikung'uta koti. Angeweza kusema "Mimi, baba yake," kama akina baba wote walivyosema, na mzee wa Biharamulo angeondoka na mila yake ya kuzunguka. Aliwatazama watu wa Kivukoni, waliomsifu miaka yote kwa huruma na chombo. Akamtazama Fideli.

"Mimi, baba yake," alisema. "Niyokwizera Protasi. Nimemleta kwa baiskeli, nikiwa nimepanda. Ni mara yangu ya kwanza."

Watu walihesabu miaka. Kisha kicheko kikalipuka, kikubwa, kikaruka ukuta wa kanisa na kuwaamsha ndege kwenye mafunjo. Fideli alicheka hadi akakaa chini, wapiga kengele wakapiga kengele, na watu wakamjia Protasi kumpiga mgongo na kumkumbatia, naye akacheka pamoja nao kwa sababu hakikuwa kicheko cha kumuumiza. Padri alisubiri, akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu, akamwashiria Jovitus asogee kumpokea mwenzake. Jovitus akasogea, akanyoosha mikono mara ya tatu. Lakini Iradukunda alikuwa bado ameshika mkono wa baba yake, hauachii, na ilibidi watu wote wasubiri.